Sauti Safi

Wateja huniuliza swali moja,
hasa Jumamosi, mvua ikiwa imeifunga Luthuli
na watu wamejibanza mlangoni pangu kwa sababu ya paa tu:
"Mama fundi, sidi na simu,
ipi ina sauti safi?"

Zamani nilijibu kabla hawajamaliza.
Sidi. Sekunde moja
huchotwa vipande elfu arobaini na nne na mia moja,
havigombani na mnara wala bando;
mtandao ni mchinjaji mwenye haraka,
hukata mafuta, hukata utando,
hukuuzia mnofu na kukwambia ng'ombe ndiye huyo.

Nilikuwa na ushahidi.
Sidi ya bendi ya marehemu mume wangu, Musembi,
iliyorekodiwa River Road, juu ya duka la magodoro:
wimbo wa nne, dakika ya pili, kigoda kinalia.
Ni yeye, anajisogeza na gitaa lake.
Kwenye spika nilizozigundi mwenyewe
kigoda kile kiko kushoto, karibu na kabati la vyombo.
Ningeweza kukionyesha kwa kidole.

Basi Mumo, mtoto wa dada yangu, akaja Umoja na simu yake.
Mtoto wa mwenye studio amepandisha kanda zote mtandaoni.
"Ampli moja, spika zilezile. Nikufunge macho,
uniambie ipi ni ipi."

Nikafungwa kwa leso yangu mwenyewe.
Nikasema sidi; ilikuwa simu.
Nikalaumu waya.
Nikalaumu jirani anayechomelea mageti.
Mara tano nilibahatisha, mbili tu nikapata.
Kigoda kililia kotekote, kushoto, karibu na vyombo.
Mumo hakucheka. Heri angecheka.

"Acha iendelee," nikasema, bado gizani.

Ikafika pale.

Sidi yangu ina mkwaruzo.
Musembi anaimba safari: nilipita Athi River, nikapita Tala,
mvua ikaninyeshea, nikabisha hodi kwa
tk
akanipa blanketi.
Miaka kumi na tisa, hodi kwa tk.
Nimesonga ugali nikiimba hivyo, tk yake naipiga kwa ulimi.
Kwenye matanga wanangu waliuimba, tk mahali pake,
waombolezaji wakadhani ndio mtindo wa bendi.

Simu haina mkwaruzo.
Simu ilipita pale kama gari kwenye lami mpya:
nikabisha hodi kwa Syombua,
akanipa blanketi.

Mimi naitwa Nduku.

Nilikaa na leso usoni kuliko ilivyohitajika.
"Hiyo ni sidi ama simu?"
"Hiyo ni simu."
"Umepata," akasema Mumo.

Usiku nikaiweka sidi chini ya lenzi ya kutazamia saketi.
Mkwaruzo wa ajali hutangatanga kama kuku.
Huu ni mfupi, umenyooka, umekolezwa mara mbili
kwa ncha ya bisibisi ndogo,
na mkono uliojua wimbo wa nne unapokaa.
Sijui alinihurumia mimi au alijihurumia.
Bisibisi yenyewe ningali naitumia.

Siku hizi mteja akija namuuliza
chumba chako kina zulia au saruji tupu,
spika umenunua wapi, bando ni la kiasi gani.
Kuhusu usafi, mwanangu,
masikio haya yamefeli mtihani.
Ila simu husema yote.
Kama unataka yote, chukua simu.

Mimi jioni, tokeni za umeme zikiwepo, naweka sidi.
Kigoda kinalia kushoto.
Tala inapita, mvua inanyesha, anabisha hodi kwa
na pale penye tk naweka jina langu.
Linapungua silabi moja.
Nalivuta.